Kuziba mibanduko ya mawe kwenye rangi ya gari: mwongozo kwa wenye magari wa Goma

Mwenye gari mjini Goma hana haja ya kusafiri mbali ili akutane na jiwe litakalomharibia rangi. Kokoto nyingi tunazopita juu yake ni lava iliyopondwa, na lava ya volkano ya Nyiragongo si kama kokoto ya mtoni iliyolainishwa na maji: imejaa vitundu, na kila inapovunjika huacha kingo kali kama za chupa. Ilishuka hadi katikati ya mji Januari 2002, ikarudi Mei 2021 na kufika Buhene, ikaikata barabara ya Rutshuru. Na miaka yote hiyo watu wamekuwa wakiipasua, wakiijengea nyumba na kuitandaza njiani. Lori likikutangulia kwenye njia ya Sake, matairi yake ya nyuma, yale yanayokaa mawilimawili, hubana vipande vya lava katikati yake na kuvirusha nyuma, na kipande kisichozidi punje ya mahindi kinatosha kuing'oa rangi ya boneti hadi kwenye bati.

Mwongozo huu unahusu mibanduko hiyo midogo pamoja na mikwaruzo ya kawaida ya mjini, yaani kazi ambayo mtu anaweza kuifanya nyumbani bila mashine ya kupulizia rangi. Ni vyema ieleweke tangu mwanzo kwamba lengo la kwanza ni kulifunga bati lisipate kutu, na uzuri huja baadaye. Kazi ya mkono iliyofanywa kwa uangalifu haimvutii macho mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye gari, lakini akiinama na kuikaribia ataiona. Asiyeweza kuvumilia alama hiyo ampelekee fundi boneti nzima.

Jua kwanza kilichoumia

Rangi ya kiwandani kwa kawaida ni matabaka manne membamba juu ya bati. La chini kabisa hushikishwa kwa umeme wakati bodi zima limezamishwa kwenye birika kubwa la rangi, nalo ndilo ngao halisi dhidi ya kutu. Juu yake hukaa rangi ya msingi, ambayo mafundi wetu waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita apre. Kisha huja rangi yenyewe. Na mwisho ni verni isiyo na rangi, ambayo hubeba mng'ao wote na kulikinga lile la chini yake dhidi ya jua. Matabaka hayo yote yakiwekwa pamoja unene wake ni kama wa karatasi moja ya daftari au zaidi kidogo, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kipimo hicho kikikaa akilini, nusu ya makosa yatakayotajwa hapa chini hutayafanya, kwa sababu mengi yanatokana na mtu kuisugua au kuipaka rangi ya gari kana kwamba ni ukuta wa nyumba.

Ili kujua jeraha limefika tabaka gani, osha mahali hapo na upitishe ukucha juu yake taratibu, bila kuukandamiza. Ukucha ukiteleza bila kukwama, jeraha liko ndani ya verni tu na huenda halihitaji rangi hata kidogo. Jaribio la pili ni la maji: lowesha mkwaruzo, na ukitoweka kabisa ukiwa na maji kisha ukarudi unapokauka, verni ndiyo iliyokwaruzika, na polishi ya mkono itatosha. Ukucha ukikwama, tazama rangi ya chini ya shimo kwa mwanga wa mchana. Kijivu au cheupe kisichong'aa ni apre. Kinachong'aa kama kisu kilichonolewa ni bati tupu. Na hudhurungi ni kutu ambayo imekwisha kuanza kazi yake.

Beba pia sumaku ndogo. Isiponata kwenye boneti, boneti hiyo ni ya alumini, ambayo haipati kutu nyekundu, au basi chini ya rangi kuna mastiki nene, yaani lipu ya kujazia mibonyeo, iliyowekwa na fundi aliyetangulia. Kwenye bampa la plastiki haitanata kamwe, na hapo hakuna haraka yoyote ya kutu. Unaweza kusubiri hadi kiangazi.

Kuhusu ukubwa, vitabu vya nchi nyingine hukuambia upime mbanduko kwa sarafu, lakini sisi ambao faranga yetu ni ya noti tupu tuupime kwa haragwe. Mbanduko uliofunikwa na haragwe moja ni kazi ya nyumbani. Unaozidi hapo, au ambao bati lake limebonyea, au ambao rangi inayouzunguka imevimba kama lengelenge, ni kazi ya fundi wa garaji. Lengelenge lina maana kwamba kutu imekwisha kutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima, na ukiziba mdomo wake unaifungia ndani tu. Vilevile verni inayobanduka kwa vipande vikubwa kwenye paa na boneti, jambo la kawaida kwa magari yanayolala juani katika mji ulio karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,500, haizibiki kwa brashi. Sehemu hiyo hupakwa upya yote.

Kuipata rangi yenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukosea kabla hata hawajafungua kopo. Nyeupe ya gari si nyeupe tu. Kila gari hutoka kiwandani na namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibati kidogo, na kwenye magari yetu mengi yaliyotoka Japani kibati hicho kiko ndani ya chumba cha injini, kwenye ukuta unaotenganisha injini na viti, au kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Kwenye Toyota tafuta mahali palipoandikwa C/TR; herufi au tarakimu tatu za mwanzo ndizo namba ya rangi, na zinazofuata ni za vitambaa vya ndani. Namba 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu.

Tofauti ya hizo mbili nyeupe ina uzito. Ile ya kawaida haina chembe zinazong'aa ndani yake na ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye magari ya zamani mara nyingi haina hata verni juu yake. Rangi ya metali, kama ile ya fedha, ina chembe ndogo za alumini ambazo mpulizio wa kiwandani huzilaza sawasawa, ilhali brashi huzilaza ovyo, kwa hiyo kiraka chake huonekana kuwa na giza kidogo hata namba ikiwa sahihi. Rangi ya lulu ndiyo yenye shida zaidi, kwani ina tabaka la nyeupe, tabaka la lulu linalopitisha mwanga, na verni juu yake. Mwenye gari la lulu aridhike na kuweka nyeupe ya chini kisha verni, na aikubali tofauti ndogo itakayobaki.

Namba pekee haitoshi kwa gari la miaka 15 lililopigwa jua. Wachanganyaji rangi wenye ujuzi hupenda uwaletee kipande cha gari lenyewe, na kipande kinachofunguka kwa urahisi kuliko vyote ni kile kifuniko cha nje cha tangi la mafuta, ambacho kwenye magari mengi hushikwa na skrubu mbili. Kifungue, kisugue kwa polishi ili kiondokewe na ukungu wa zamani, kisha kipeleke dukani pamoja na namba. Mililita 50 zitakutosha kwa miaka miwili. Omba ziwekwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na usiondoke dukani kabla rangi haijajaribiwa kwenye kipande cha karatasi ngumu, ikakauka na kupakwa verni, kwa sababu rangi mbichi hudanganya: nyingi hubadilika zinapokauka, na ile ya metali huongeza giza kidogo ikifunikwa na verni. Uilinganishe nje ya duka, kwenye kivuli chenye mwanga. Chini ya taa ya dukani kila fedha hufanana na kila fedha.

Vifaa

Andaa msasa wa maji wa namba 600, 1500, 2000 na, ukiupata, 3000, polishi ya kukata, yaani ile yenye chembe za kusugua, ambayo ni tofauti na nta, apre kidogo, rangi, verni ya kopo moja isiyohitaji kuchanganywa na dawa ya kukaushia, tina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi, alkoli safi ya duka la dawa, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, vitambaa laini visivyotoa nyuzi, brashi nyembamba kuliko zote ya wachoraji, na vijiti vya meno. Kijiti cha meno ndicho kifaa bora cha kazi hii yote. Kile kibrashi kinachokuja ndani ya kifuniko cha chupa za rangi ni kinene mno, na hakifai kwa lolote dogo kuliko haragwe.

Petroli usiitumie kusafishia mafuta, ingawa ndivyo inavyofanyika sehemu nyingi: huacha utando wa mafuta yake yenyewe, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Verni ya makopo mawili ni ngumu zaidi, lakini dawa yake ya kukaushia huwa na isosianati, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu akiivuta ikiwa imepulizwa hewani, na barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Waachie wenye vyumba na vinyago vya kazi hiyo.

Kuosha na kuchagua saa

Vumbi jeusi la Goma ni lava iliyosagika, na ukilisugua kwa sponji likiwa kavu utaliongezea gari mikwaruzo elfu huku ukidhani unalisafisha. Mwaga maji mengi kwanza bila kugusa kitu, kuanzia paa kwenda chini, hadi maji yanayotiririka yawe meupe. Baada ya hapo ndipo uguse kwa sponji na sabuni isiyo kali. Wanaochota maji ziwani kwa bidoni wajue kwamba maji ya Kivu yana madini mengi na huacha madoa meupe yakikaukia juani, kwa hiyo gari likaushwe mara moja kwa kitambaa. Na baada ya mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano, suuza gari siku hiyohiyo. Gesi ya Nyiragongo huyeyuka ndani ya matone na kuyafanya yawe na asidi, nayo asidi hiyo hula verni na kupenya kwa urahisi kwenye mbanduko ulio wazi.

Kazi ya rangi inahitaji siku kavu. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora, na mapumziko mafupi ya mvua ya Januari na Februari yanafaa pia. Siku yenyewe anza baada ya umande kukauka, mnamo saa tatu au saa nne asubuhi, chini ya kivuli, bati likiwa la baridi ukiligusa kwa kiganja. Unyevu ukiwa mwingi, tina inayokauka haraka hupoza uso wa rangi, maji ya hewani hutua juu yake, na verni hugeuka kuwa na ukungu mweupe. Bati likiwa la moto, ngozi ya juu hukauka kabla ya chini yake na kufungia mapovu. Ikiwa mbanduko umetokea katikati ya masika na bati linaonekana, ukaushe vizuri, tonesha apre, au hata nta tu, na ungoje siku njema.

Kusafisha jeraha

Zungushia mbanduko utepe wa karatasi, ukiacha nafasi ndogo tu pembeni. Kwa ncha ya sindano au kisu kidogo chembamba, ng'oa taratibu kila ukingo wa rangi ulioinuka. Kama unanyanyuka ukiguswa, haujashika chochote na utaondoka baadaye ukiwa na rangi yako mpya juu yake. Watu huogopa hatua hii kwa kuwa shimo linakua, lakini shimo kubwa lenye kingo imara ni bora kuliko dogo lenye kingo zinazopepea.

Kutu iondolewe yote. Kunja kipande kidogo cha msasa wa namba 600 na ukibandike kwa gundi kwenye ncha ya kijiti, kisha ukizungushe ndani ya shimo hadi bati ling'ae. Vidoti vyeusi vikibaki kwenye vishimo vya bati ambavyo msasa haufiki, tumia dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosfori au ya tanini, tone moja tu kwa kijiti cha meno. Ifuate maelekezo yaliyo kwenye chupa yake kuhusu muda wa kungoja na kusuuza, kwani hazifanani. Bati lililong'arishwa lisilale wazi hata usiku mmoja; ukungu wa ziwa pekee unatosha kulianzishia kutu mpya.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Gari langu la kwanza lilipigwa jiwe juu ya taa, nami, kwa haraka ya kwenda kazini, nikalitonesha rangi ya kucha iliyofanana nalo bila kukwangua chochote. Lilipendeza kwa miezi mitatu. Masika yalipokwisha, tone lile lilikuwa limeinuka kama kofia, na chini yake palikuwa na kutu ya upana wa kidole gumba. Rangi ya kucha hukakamaa na kupasuka; bati linapopata moto na kupoa kila siku, rangi hiyo haiendi pamoja nalo. Lakini kosa lilikuwa la kutu niliyoifunika, na hata rangi ya kiwandani ingeinuliwa vilevile.

Mwisho wa hatua hii, futa mahali pote kwa alkoli kwenye kitambaa safi, ungoje dakika chache, na usiguse tena kwa kidole.

Kujaza kutoka chini

Kanuni ya hatua hii ni moja: unajaza shimo, hupaki uso. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye apre, gusisha tone katikati ya shimo, na uliache lienee lenyewe hadi kwenye kingo. Tone lililozidi linyonywe kwa ncha ya kitambaa. Apre ikae juu ya bati lote linaloonekana lakini isifike juu. Nusu ya kina cha shimo inatosha. Kama bati halionekani na shimo limeishia kwenye apre ya kiwandani iliyo nzima, unaweza kuiruka hatua hii.

Apre ikikauka, kwa kawaida baada ya saa moja au mbili kivulini, tikisa chupa ya rangi kwa dakika mbili nzima, hasa ikiwa ya metali, maana chembe zake huzama na kulala chini. Weka tone dogo kwa namna ileile. Utaona shimo limejaa, na baada ya nusu saa utaona limebonyea tena. Hilo si kosa: sehemu kubwa ya rangi ya majimaji ni tina, nayo imekwenda hewani. Ongeza tone la pili, ungoje nusu saa, kisha la tatu. Mbanduko wa kawaida humeza matone matatu hadi matano. Anayejaribu kulimaliza shimo kwa tone moja nene hupata ngozi ngumu juu ya uji laini, ambao utaendelea kunywea kwa wiki kadhaa na kuacha kishimo palepale.

Rangi ikimwagikia nje ya shimo, ifute mara moja kwa kitambaa kilicholoweshwa tina kidogo na kuvingirishwa kwenye kadi ngumu, ili kipite juu ya uso bila kuingia shimoni. Hapa pana onyo. Rangi ya kiwandani iliyookwa kwenye tanuri huvumilia tina kwa sekunde chache, lakini magari mengi ya mitumba yamekwisha kupakwa upya na mafundi kwa rangi inayokauka kwa hewa ya kawaida, na tina huiyeyusha kama sukari kwenye chai. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango uliopakwa. Kitambaa kikitoka na rangi, tumia alkoli tu, na uitumie kwa wasiwasi.

Rangi iishie chini kidogo ya uso wa gari, kisha ilale usiku mzima. Kesho yake weka verni kwa matone mawili au matatu, ukiacha saa moja kati ya tone na tone, hadi kiraka kiwe na kichuguu kidogo sana unachokihisi kwa ncha ya kidole kuliko kukiona kwa jicho. Kwa rangi isiyo na verni, kichuguu hicho kitengenezwe kwa rangi yenyewe.

Kusawazisha

Wengi huishia hapo, na kwa gari la kazi wana haki ya kuishia hapo. Bati limefungwa, na kichuguu hakimdhuru mtu. Anayetaka kuendelea angoje walau wiki moja, kwa sababu verni ya kopo moja isiyokauka vizuri hukatika na kung'oka badala ya kusagika.

Kata duara la msasa wa namba 2000 lenye upana wa kifutio cha penseli, ulibandike juu ya kifutio hicho, na uulowanishe kwenye maji yenye tone la sabuni. Sugua kichuguu pekee, kwa mkono mwepesi, ukifuta na kutazama kila baada ya mizunguko kumi. Zingira kichuguu kwa utepe ili verni ya kiwandani isiguswe mapema, na uuondoe mwishoni tu unapomalizia. Tazama maji yanayotoka. Yakiwa meupe kama maziwa mepesi, unasaga verni, nayo ndiyo kazi uliyokusudia. Yakianza kuchukua rangi ya gari, umefika kwenye rangi yenyewe, simama papo hapo. Kwa gari lisilo na verni, rangi itaonekana tangu mwanzo na ishara hiyo haina maana, kwa hiyo utategemea kidole. Kwenye mikunjo na kingo kali za bodi usisawazishe kabisa, maana hapo matabaka ni membamba kuliko mahali pengine popote.

Msasa wa 1500 nimeutaja kwenye vifaa kwa ajili ya kichuguu kilichozidi kuwa kirefu tu. Mkono mgeni auache. Baada ya 2000 pita na 3000 ikiwapo, kisha polishi ya kukata kwenye kitambaa kilichokunjwa, ukisugua kwa nguvu ya wastani dakika tano au zaidi, hadi ule weupe wa msasa upotee na mwanga upite juu ya kiraka bila kukatika. Usiweke nta kabla ya mwezi mmoja. Rangi mpya bado inatoa tina, nayo nta huifungia.

Michubuko ya mjini

Kati ya Birere na Majengo adui wa rangi huwa si jiwe tena, bali pikipiki inayopenya mahali pasipo na nafasi, na chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukumwa kwa mguu, iliyobeba magunia ya makaa, ambayo mwendeshaji wake hana breki ya kutegemea zaidi ya unyayo wake. Sanamu yake imesimama mjini kwa heshima, na inastahili. Ila usukani wake wa mbao uko kwenye kimo kilekile cha mlango wa gari. Kabla ya kukasirika, osha na utazame. Mara nyingi ule mstari mrefu unaoonekana kama jeraha ni rangi au mpira wa kitu kilichopita, uliobaki juu ya verni yako. Sugua kwa alkoli, halafu kwa polishi ya kukata, na huenda theluthi mbili za mkwaruzo zikaondoka bila tone la rangi. Kinachobaki na kunasa ukucha kizibwe kama mbanduko, lakini kwa brashi nyembamba inayoburutwa ndani ya mfereji, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kurudi nyuma.

Bampa lina kanuni yake. Plastiki haishiki rangi kama bati, na pale ambapo plastiki nyeusi imeonekana unahitaji dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki kabla ya apre. Bila hiyo, rangi itatoka kwa shinikizo la kwanza la maji ya kuoshea gari. Kwa kuwa bampa linanyumbuka, weka matabaka membamba kuliko ulivyofanya kwenye boneti.

Kupunguza mawe

Kinga ya kwanza ni nafasi. Nyuma ya lori kwenye barabara ya kokoto achia mita 50 au zaidi, na mkipishana na gari linalokuja kwa kasi punguza mwendo wako, kwa sababu kasi ya jiwe na ya gari lako hujumlishwa. Vizuia matope vya mpira nyuma ya magurudumu yote manne hulinda sehemu za chini za milango yako mwenyewe dhidi ya mawe ya matairi yako mwenyewe, jambo ambalo wengi hawalifikirii wakati wanaponunua matairi mapana kuliko yale ya kiwandani. Filamu angavu ya kubandika kwenye ncha ya boneti na nyuma ya magurudumu inafaa kweli, ikiwekwa na mtu anayejua kazi. Ikiwekwa vibaya hunasa vumbi la lava kwenye kingo zake na kuwa msasa wa kudumu.

Kila baada ya safari ndefu, gari likishaoshwa, zunguka ukikagua ncha ya boneti, ukingo wa paa juu ya kioo cha mbele, kingo za madigadi na chini ya milango, na kila mbanduko mpya uutie tone la apre siku hiyo hata kama rangi itangoja kiangazi. Chupa ya rangi iliyobaki ifute shingo kabla ya kuifunga, ibandike utepe ulioandikwa namba na tarehe, na uihifadhi ndani ya nyumba mahali pasipo na jua wala moto, mbali na watoto. Ikiota ngozi juu, itoboe na utumie ya chini, lakini ikiganda na kuvutika kama asali, itupe na ukachanganyiwe nyingine.